Kichwa Kilichosukwa Nusu

Melini, 6 Machi

Sindano mwanangu,

Wewe nakusalimu wa kwanza, halafu baba yako, halafu wateja wote kwa mpangilio wa foleni, asirukwe mtu. Mimi mzima. Nakula, nalala, naamka, nakula tena. Huku mtu hajafuta midomo ya chai, tayari anaulizwa mchana atakula nini. Chumba chenyewe ni kidogo kuliko stoo yetu ya shampuu, dirisha la duara, kitanda kimepigiliwa ukutani utadhani kitaibiwa. Nimepangwa na bibi mmoja, mjane wa mhasibu, ambaye kazi yake tangu tupande ni kuniuliza kama nimepumzika. Nikisema bado, ananiambia nijitahidi. Sijawahi kuchoka kama ninavyochoka kwa kujitahidi kupumzika.

Mwambie baba yako asante kwa tiketi. Mdogo wangu yule ana huruma, najua, na ninyi watoto najua mlichanga. Lakini mwambie vilevile kwamba mtu hapewi zawadi ya kustaafu wakati hajasema anastaafu. Na ile keki yenu iliyoandikwa "Sasa Pumzika"! Nilidhani nazikwa.

Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usihangaike, ni meli. Inayumba hata bahari ikiwa imetulia. Simu nimeiacha kwenye droo ya taulo makusudi. Simu mtu anaikata akitaka, barua utaisoma mpaka chini.

Sasa nina mambo mawili, na yote yananinyima usingizi. La kwanza, upande wako wa kushoto. Teksi ilipopiga honi nilikuwa nimefika utosini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, na wewe ukanisukuma mlangoni: "Nenda Shangazi, nitamalizia mwenyewe." Je, ulimaliza? Tangu uote nywele hakuna aliyekigusa kichwa chako isipokuwa mimi. Na sheria ya saluni yetu unaijua, nilikufundisha kabla hujafikia kimo cha sinki: kichwa hakibadilishi mikono. Aliyekianza ndiye anayekimaliza. Najisikia kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha jiko linawaka.

La pili, kiti changu. Kile chekundu cha karibu na mlango, chenye mkono uliofungwa utepe. Kipo pale pale? Ninyi mlinifungia mizigo haraka mno siku ile. Mtu anayekuaga kwa upendo haangalii saa.

Kesho kutwa tunatia nanga kwenye kisiwa, na tutakaa bandari hiyohiyo siku nne nzima. Wenzangu wanapiga makofi. Mimi najiuliza, mtu anafanya nini siku nne mahali ambapo hana mteja hata mmoja? Niandikie kupitia kwa wakala wa meli hapo kisiwani, atanitumia bandari inayofuata.

Shangazi yako


Kisiwani, 10 Machi

Sindano,

Salamu leo ni fupi maana nina kazi. Ndiyo, umesoma vizuri. Kazi!

Siku ya kwanza walitupakia kwenye basi wakatupeleka kuona mnara. Tukauzunguka, tukauangalia, tukarudi. Jana walipanga kutupeleka kuona mwingine nikasema kichwa kinaniuma, halafu nikashuka ngazi za meli taratibu kama mgonjwa na nikatoka geti la bandari mbio kama mwizi. Ukitoka getini kuna mtaa unaopanda kwa ngazi za mawe, nguo zimeanikwa madirishani, na juu kidogo, ubavuni mwa ofisi ya tiketi za boti, nikaiona. Saluni. Viti vitatu, sinki moja, draya moja inayopiga kelele kama pikipiki, na foleni imetoka mpaka nje.

Nikaingia kuchungulia tu, wallahi. Kulikuwa na binti anapasua njia kwenye kichwa cha mteja, njia yenyewe inakwenda kama mlevi. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Mara nikasikia mdomo wangu unasema, "Hebu nipe hicho kitana."

Mwenye saluni, mama mmoja mnene wanayemwita Bosi, akageuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni abiria."

"Abiria wa wapi anayeshika kitana hivyo?" Akanitupia aproni.

Tangu hapo sijakaa. Nimeosha vichwa, nimesuka watoto, nimegombana na mteja mmoja kuhusu mba wake, nimefurahi! Kesho ndiyo siku ya mwisho, meli inaondoka jioni, na asubuhi mapema Bosi amenipa bibi harusi. Huyu bibi harusi ni mwendesha winchi hapo bandarini, ndiye anayepakua makontena. Anataka mistari midogo kutoka kisogoni hadi utosini. Nimesuka maharusi wangapi mimi na mchana wakala chakula na ndugu zao? Nitamaliza, nitanawa, nitashuka kwenda melini kwa kujivuta.

Mjane wa mhasibu ameniuliza tena kama nimepumzika. Nimemwambia sana.

Habari ya kiti hujanijibu. Najua barua haijakufikia, ila naanza kukudai mapema.

Shangazi yako


Nyumbani, 25 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima, tunakuombea na wewe uwe hivyo. Presha ya baba imetulia, au tuseme ilikuwa imetulia. Mama wa duka la vitambaa amepata mjukuu wa kike, anasema atakuletea akishaota nywele. Yule mteja wako hakimu amepita mara mbili kuulizia utarudi lini.

Barua zako mbili zimeingia pamoja jana, wakati sisi huku mioyo ilishapasuka zamani. Wale wa kampuni ya meli walimpigia simu baba usiku ule ule meli ilipoondoka kisiwani. "Abiria wenu hakurudi melini." Baba akauliza, "Amezama?" Yule dada akasema, "Hapana mzee, ameonekana ng'ambo ya geti amevaa aproni." Baba alikaa chini, kisha akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka. Tangu siku hiyo anatembea uani na kurudi, anatembea na kurudi. Na mimi pia. Nikishika kitana nasikia honi ya meli ambayo sijawahi kuisikia.

Shangazi, kulikoni? Wewe ndiye uliyekuwa unafungua saluni kabla jua halijatoka, mteja akichelewa kidogo unamwambia arudi kesho. Wewe uachwe na chombo? Ulikuwa na mchana mzima.

Upande wa kushoto nilimaliza, usiwe na wasiwasi. Saluni inaendelea. Rangi ya ukutani ilikuwa inabanduka, tumepaka upya kidogo, inapendeza. Tumebadilisha na mapazia.

Baba ameulizia, kuna boti ya kawaida inatoka kisiwani kila wiki, unashuka bandari ya pili kisha unapanda basi. Panda hiyo. Usikae kwa watu.

Mwanao, Sindano


Kisiwani, 14 Aprili

Marahaba mwanangu,

Poleni kwa hofu, na mwambie baba yako mimi sizami, nimenenepa mno. Nina chumba nyuma ya saluni ya Bosi, kina kitanda, meza, na dirisha linaloangalia winchi za bandari. Bosi ananipigia kelele, nami nampigia. Tunaelewana.

Umeuliza kulikoni. Kilichotokea ni hiki. Bibi harusi alikaa kitini asubuhi, nikaanza kisogoni. Nikaenda. Saa ya chakula ikafika, nikawa bado sijafika masikioni. Kitana kilikuwa cha watu, kiti kilikuwa cha watu, kirefu kwangu, na mwanga wenyewe unaingia kwa upande mbaya. Ndugu wa bibi harusi wakaanza kuangaliana. Honi ya kwanza ikalia. Bosi akaja nyuma yangu, akasema kwa upole, na upole si kawaida ya yule mama, "Nipe nimalizie, wewe wahi meli yako."

Nikamwambia kwetu kichwa hakibadilishi mikono.

Honi ya pili. Bibi harusi mwenyewe akasema, "Mama, nenda tu. Nitafunga kilemba, hakuna atakayejua." Nikamwambia, "Kaa." Basi akakaa. Akaniambia, "Mimi nashusha makontena, najua kusubiri." Honi ya tatu nilikuwa juu ya sikio la kulia. Nilipomaliza mstari wa mwisho nilishuka zile ngazi za mawe na aproni mwilini, na meli ilikuwa imeshageuka, imenipa mgongo, na sanduku langu lipo ndani yake. Sikulia. Nilicheka peke yangu kama chizi, halafu nikakaa kwenye ngazi.

Hiyo ndiyo habari yote.

Boti ya kila wiki naijua. Wiki ya kwanza mimi nilikuwa na mafua. Wiki ya pili bahari ilichafuka. Wiki hii Bosi ana harusi tatu. Tutaona.

Sasa zamu yako. Umeniandikia kurasa mbili, kuna mjukuu, kuna presha, kuna mapazia, neno kiti halimo. Mtu akipaka ukuta rangi husogeza vitu. Kiti changu mmekisogeza wapi? Na mmekirudisha?

Shangazi yako


Nyumbani, 6 Mei

Shikamoo Shangazi,

Huku kwetu ni wazima wote, mvua ndiyo inatusumbua, stoo inavuja. Mama wa duka la vitambaa anasema mjukuu ana upara kama wa mwenyekiti wa mtaa, usubiri kidogo.

Sanduku lako limefika. Lilikuja kwenye gari la kampuni na karatasi ya kusaini, baba akalipokea kwa mikono miwili akaliweka sebuleni, tukalizunguka. Inatisha Shangazi, sanduku kurudi bila mwenyewe. Tulikaa nalo wiki nzima kabla sijalifungua kufua nguo. Hazikuhitaji kufuliwa. Zile gauni tulizokununulia za kupumzikia zina lebo zake bado.

Nimekuta kitana chako cha mkia mrefu. Mkia umezungushiwa mpira wa baiskeli, umekazwa kwa uzi. Nimekuta na kijiko, mpini wake umefungwa kitambaa mpaka umekuwa mnene kama mchi. Nimefanya kazi ubavuni mwako miaka yote na kitana hicho sijawahi kukiona kimefungwa. Nadhani wateja wa alfajiri uliwasuka nacho kikiwa hivyo, ukakifungua kila siku kabla sijafika.

Shangazi, nakuomba usinikasirikie. Melini uliniambia mwandiko unayumba kwa sababu ya meli. Nikakubali. Barua ya pili, ya kisiwani, nikasema labda bado ana kizunguzungu cha bahari. Lakini barua hii ya Aprili umeandika juu ya meza, chumbani, nchi kavu, na mistari inapanda na kushuka vilevile, tena zaidi. Kisiwa nacho kinayumba?

Yule bibi harusi ungemmaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi nimekuona ukifanya hivyo. Si kitana, na si mwanga.

Niambie. Mimi ni nani kwako mpaka unifiche?

Sindano


Kisiwani, 29 Mei

Marahaba. Salamu zimeishia hapo.

Unaniuliza wewe ni nani kwangu mpaka nikufiche. Vizuri. Na mimi ni nani kwako mpaka unifiche? Nimeuliza habari ya kiti barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Umenijibu mapazia.

Unadhani mimi sikuona? Haya, nikuambie nilichoona. Januari, kichwa cha hakimu. Nilitoka kidogo kwenda kunywa chai. Niliporudi nilishika kitana nikaendelea, na nyuma ya sikio la kushoto nikakuta mistari miwili ambayo si yangu. Uliifumua yangu ukasuka yako. Nani mwingine? Nimekufundisha mimi, naujua mkono wako kama ninavyojua sauti yako. Mistari ile haikuwa yangu kwa sababu ilikuwa imenyooka.

Nikamaliza kichwa. Hakimu akaniambia asante, wewe ukafagia sakafu kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Wiki ileile mkaja na tiketi na keki.

Sasa nieleze kama mtu mzima anavyomweleza mwenzake. Mlinipeleka kupumzika au mliniondoa? Nimekaa hapa miezi na swali hilo, nikilala nalo, nikiamka nalo, nikiosha watu vichwa nalo. Boti zinatoka kila wiki, nazisikia dirishani kwangu. Mafua sikuwa nayo. Bahari haikuchafuka. Sipandi kwa sababu sijui narudi kwenye nini. Kama kiti changu hakipo, sema hakipo, nijue kwamba nakaa huku kwa sababu sina pa kusimama, siyo kwa sababu ya harusi za Bosi.

Safari hii usinipe habari za mvua.

Shangazi yako


Nyumbani, 24 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Hii naipeleka hata ikiwa mbaya.

Kiti hakipo saluni. Kipo kibarazani kwa baba, anakikalia akisoma gazeti. Alikuja na mkokoteni mwenyewe asubuhi ileile, teksi yako haijafika hata kwenye kona. Mimi nilishika mguu mmoja tukakiinua. Mahali pake kuna kiti kipya cha kupanda na kushuka kwa kukanyaga. Kibao cha nje kimeandikwa jina langu. Tulipaka rangi ukuta mzima ili pasionekane pale ukuta ulipochakaa kwa mgongo wa kiti.

Umeuliza kama tulikuondoa. Ndiyo. Tulikuondoa. Baba alisema ukiwa mbali hutaumia, ukirudi utakuta imeshakuwa. Mimi nikakubali kwa sababu nilikuwa naogopa. Siku ya hakimu ulikuwa unamvuta Shangazi, unakaza ili mkono usitetemeke, na yeye machozi yanamlengalenga kwenye kioo lakini hataki kusema neno kwa ajili yako. Ulipotoka aliniangalia tu. Nikafumua. Sikufanya kwa dharau. Nilishindwa kuwaangalia ninyi wawili mkivumiliana. Na nikaogopa siku utakayoshika wembe.

Ningepaswa kukuambia usoni. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, umeniogesha kwenye sinki ile, nami nikakuaga kwa keki. Naona aibu mpaka leo.

Hakimu alikuja, akasimama mlangoni, akauliza, "Kiti kiko wapi?" Nikamwambia. Akakaa kwenye kipya, nikamsuka, akasema nimesuka vizuri. Halafu akasema, "Ila leo hakuna aliyenigombeza." Tukabaki tunaangaliana kwenye kioo kama wajinga.

Na jambo lingine nilikudanganya. Upande wa kushoto sikumaliza. Teksi ilipoondoka nilikaa mbele ya kioo, nikaushika, nikasuka mstari mmoja, nikaona si sawa na yako. Wa pili vilevile. Nikafumua yote, na ile yako nikaifumua pia, nikilia. Tangu Machi nafunga kitambaa. Binti wa saluni ya jirani amejitolea kunisuka nikakataa. Wateja wananicheka, fundi wa nywele kajifunika kichwa. Nawaambia mganga hajigangi.

Rudi, usirudi, sijui nikuombe nini. Baba anakisafisha kile kiti kila Jumapili. Hataki mtu mwingine akikalie.

Mwanao


Kisiwani, 18 Julai

Marahaba, marahaba Sindano wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa Bosi naye akaisoma kwa sauti kubwa mpaka draya ikazimwa. Kilio tulicholia sisi wawili, wateja walidhani kuna msiba.

Iliniuma. Sitakudanganya, kiti kupandishwa mkokoteni kabla teksi haijakata kona, hilo liliniuma sana, na baba yako nitamwambia siku nikimwona, ajiandae. Lakini habari ya hakimu sikuijua. Niliona mistari yako, sikuyaona machozi yake. Nilikuwa nakiangalia kisogo. Mwambie nimesema anisamehe, na mwambie siku nyingine akiumia apige kelele, mbona hukumu anazitoa.

Sasa na mimi nikupe yangu. Mikono ilianza mwaka juzi, ule wa kulia kwanza. Nilidhani uchovu. Nikafunga kitana mpira, nikafunga kijiko, nikaacha kuwamiminia watu chai nikasema nimepunguza ukarimu. Yule mwendesha winchi, ambaye sasa ni mke wa mtu, hakuniuliza kitu siku ile. Alirudi baada ya fungate, akanishika mkono huohuo wa kulia, akanipeleka hospitali huko juu na kunisubiri nje. Daktari amenipa vidonge na jina refu la ugonjwa ambalo siliandiki maana nitafika mwisho wa karatasi. Amesema hautaniua. Utanichelewesha. Nikamwambia nimeshacheleweshwa meli, nini tena.

Halafu nikamuuliza mwendesha winchi, "Mistari yako ya nyuma ilikuwa imenyooka?" Akasema, "Mama, mimi kisogo changu sikioni." Kwa hiyo haikuwa imenyooka.

Kazi ninayofanya hapa ni kuosha. Kichwa kinachooshwa hakijali mkono ukitetemeka, wengine wanapenda, wanasinzia. Nikimaliza kuosha nakaa kwenye stuli nyuma ya mabinti na kuwagombeza njia zao. Yule binti wa njia za kilevi sasa ananyoosha. Kwa hiyo kiti mwachie baba yako akikalie, ila asiegemee ule mkono wenye utepe, utamwangusha. Na kibao kiache kilivyo. Jina limeandikwa vizuri? Herufi zimenyooka? Basi. Nilikuwa nimepanga kukupa mwenyewe kwa mkono wangu, mkaniwahi.

Lakini kuna kitu kimoja sikuachii. Kichwa chako nilikianza mimi.

Meli ileile inapita tena Septemba, nimeulizia kwa wakala. Inakaa hapa siku nne, bandari hiyohiyo. Funga saluni, panda. Ukipangwa chumba na mjane wa mhasibu, mwambie nimepumzika. Usisukwe na mtu njiani hata akikubembeleza. Niletee kitana changu, usiufungue ule mpira. Utakaa hapa kwenye kiti cha dirishani, winchi zinaonekana, na nitaanza kisogoni kama siku zote. Kama nakuvuta, sema. Zamani mtu angeniambia kichwa kimoja siku nne ningemcheka mpaka nikae chini. Sasa nimepiga hesabu ya mikono yangu, nadhani zitatosha.

Nikimaliza kabla ya honi, nitapanda na wewe turudi nyumbani. Nisipomaliza, meli itatuacha wote wawili.

Shangazi yako